Taka za jikoni: pipa la mboji, minyoo, funza au bokashi? Ulinganisho kwa nyumba za Dar na Nairobi

Kibarazani (mleta mada)
Wakuu, naomba tulinganishe njia za kumaliza mabaki ya jikoni hapohapo nyumbani, ila kwa hesabu. Chukulieni kaya ya watu 5 Dar es Salaam inayotoa kilo 2 kwa siku: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, ukoko wa wali, na vichwa vya samaki mara mbili kwa wiki. Nyumba ni za aina mbili. Moja ipo ghorofani na ina kibaraza cha mita 1 kwa 3. Nyingine ipo chini, ina uwanja wa mita 4 kwa 4. Chupa na makopo tuyaache, yana wanunuzi wake. Hapa tuongelee kinachooza tu.

FundiMboji
Kwa mwenye uwanja nashauri pipa la mboji, lakini ahesabu mapema. Kilo 2 za mabaki ni kama lita 3 au 4. Ukiongeza vitu vikavu mara mbili yake unapata lita 10 kwa siku. Pipa la lita 120 lingejaa ndani ya siku 12, ila kwa kuwa mboji husinyaa kila siku, linajaa baada ya wiki 5 hivi. Likishajaa linahitaji miezi mitatu kuiva. Kwa hiyo pipa moja halitoshi, unahitaji manne yanayopokezana. Wengi hununua moja, likijaa wanachota mboji mbichi, wanaimwaga kwenye nyanya, nyanya zinanyauka, halafu lawama zote zinaiangukia mboji.

Kutengeneza: kata kitako cha pipa ukae wazi juu ya udongo, minyoo na wadudu wa ardhini waingie wenyewe. Chini tandika wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, la sivyo panya watachimba kutokea chini. Ubavuni toboa matundu kama 40 kwa msumari wa inchi 4 uliopashwa moto kwenye jiko. Tabaka la kwanza liwe sentimita 15 za makumbi ya nazi na vijiti, hewa ipate pa kupita. Baada ya hapo kila bakuli moja la mabaki lifuatwe na mabakuli mawili ya majani makavu. Juu pawe pakavu siku zote, ganda la ndizi lisionekane. Pindua mara moja kwa wiki.

Kipimo cha maji: kamua konzi moja kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitoka, ipo sawa. Yakichuruzika, ongeza maranda au boksi lililochanwachanwa. Lisipotoka hata tone na konzi ikasambaratika, nyunyiza maji. Mapipa yanayonuka karibu yote yana ugonjwa mmoja: vitu vikavu vimepungua.

Mboji ya namna hii haipati moto. Ili ifike nyuzi 55 na kuendelea unahitaji lundo la mita moja kila upande lililojengwa kwa mara moja, wala si la kudonoa kilo mbili mbili. Ndiyo maana mbegu za nyanya na maboga huota ndani yake. Si kasoro kubwa, zing'oe tu.

MamaBustani
Mkuu FundiMboji umeeleza vizuri, ila umeruka njia nyepesi kuliko zote: kufukia. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 kando ya mgomba au mpapai, mwaga mabaki ya siku mbili, rudishia udongo wa sentimita 20 juu. Kesho kutwa unasogea hatua moja. Kwenye udongo wa kichanga wenye joto, mabaki laini huisha kwa wiki 6 hadi 8 hivi, ndipo unarudi shimo la kwanza. Vichwa vya samaki navyo vinaingia humo, mradi ule udongo wa juu usipungue. Ukiweka sentimita 10 tu, paka watafukua usiku huohuo.

Inashindikana lini? Masika. Kuanzia Machi hadi Mei maeneo ya bondeni maji yako karibu na uso wa ardhi, shimo linajaa maji na mabaki yanachacha. Miezi hiyo hamia kwenye pipa.

PwaniMinyoo
Naona kila mtu anakimbilia mboji ya kawaida. Minyoo wanatoa mbolea bora zaidi, na kwenye kibaraza hawana harufu. Beseni lenye giza, matundu ya milimita 6 chini, matandiko ya boksi na nyuzi za makumbi zilizolowekwa na kukamuliwa, unene wa sentimita 15. Kilo moja ya minyoo wekundu, unawalisha nusu kilo kwa siku. Mabaki yafukie pembeni, usitandaze juu.

KasaraniShamba
Ndugu, hapo kwa minyoo wekundu nitakupinga. Hao, Eisenia fetida, hupenda nyuzi 15 hadi 25. Nairobi wanastawi mwaka mzima, ila Julai hula polepole. Dar au Mombasa mwezi wa Februari, kwenye kibaraza kinachopigwa jua la mchana, beseni hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Wakifika 35 wanakufa, na minyoo waliokufa wananuka kuliko samaki. Pwani tafuta Eudrilus eugeniae, mnyoo mrefu wa asili ya Afrika Magharibi. Huyo anakwenda vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 30. Hapatani na baridi, kwa hiyo msimlete huku kwetu.

Pili, hesabu. Mita moja ya mraba ya matandiko humeza takriban kilo 5 za mabaki kwa wiki. Kaya ya mleta mada inatoa kilo 14 kwa wiki. Hiyo ni karibu mita 3 za mraba, yaani kibaraza chote kinakuwa zizi la minyoo na mwenye nyumba anaanika nguo sebuleni.

PwaniMinyoo
Nakubali kuhusu joto. Kuhusu eneo, mabeseni yanapangwa ghorofa tatu, ukubwa wa sakafu unapungua. Lakini ni kweli minyoo hawawezi kubeba kila kitu. Wape maganda ya ndizi, mboga, majani ya chai, maboksi, na maganda ya mayai yaliyosagwa ili kupunguza uchachu. Usiwape machungwa na ndimu kwa wingi, pilipili, vitunguu, wala chochote chenye mafuta au chumvi. Machicha ya nazi ndiyo mtego wa Pwani: yakimwagwa kwa wingi yanachacha, yanapata joto, minyoo wanapanda ukutani kutafuta njia. Gawa konzi moja moja, changanya na boksi.

Sisimizi wakiingia ni dalili kwamba matandiko yamekauka. Lowesha, kisha weka miguu ya meza linapokaa beseni kwenye makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo juu yake, maji matupu yatazalisha mbu. Utitiri mweupe ukizidi, umewalisha kupita kiasi. Acha kulisha wiki moja.

Mfugaji_Kigamboni
Kama kuna kuku nyumbani mjadala unabadilika. Funza wa nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ambaye wafugaji wengi humwita BSF tu, anakula vitu ambavyo minyoo wanakataa: samaki, wali uliochacha, machicha, machungwa. Pwani joto la nyuzi 27 hadi 30 ndilo analolitaka.

Hesabu yake inajulikana: funza 10,000 wa siku 5 humaliza kilo 15 za mabaki mabichi kwa siku 12, ndani ya kreti la sentimita 60 kwa 40. Lisha mara tatu, kilo 5 kila mara: siku ya kwanza, ya tano na ya nane. Kina cha chakula kisizidi sentimita 5. Kikizidi, sehemu ya chini inakosa hewa, funza hawashuki, panaanza kunuka. Kaya yenye kilo 2 kwa siku inatoa kilo 24 kwa siku 12, hivyo kreti mbili zinatosha. Kila kilo 15 zinakupa kilo 2 hadi 3 za funza.

Mayai unaweza kuyatega. Weka ndoo yenye matunda yaliyooza na machicha kivulini, juu yake ning'iniza vipande vya boksi lenye mikunjo au mbao mbili zilizobanana kwa upenyo mdogo. Jike hutaga kwenye upenyo mkavu, hagusi chakula chenyewe. Hutaga kama mayai 500, yanaanguliwa baada ya siku 4. Nzi mkubwa haumi wala hafuati sahani za watu, anaishi siku chache kwa akiba ya mafuta aliyojikusanyia akiwa funza.

Kosa kubwa ni maji. Chakula kikiwa na maji zaidi ya asilimia 80 funza hutoroka usiku na asubuhi utawakuta hadi mlango wa jikoni. Kamua mabaki, ongeza pumba za mahindi. Kabla ya kuwapa kuku, wachemshe dakika chache kisha waanike, kwa sababu wametoka kwenye taka na wanaweza kubeba vijidudu. Na yale makapi yanayobaki hayajawa mbolea. Yaingize kwenye pipa la mboji kwanza yaive.

KasaraniShamba
Nyongeza kwa walio bara: huku Nairobi, usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 10 hadi 12, funza wanadumaa. Wafugaji huwaweka ndani ya kibanda cha nailoni. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu hapa Nairobi, wamewafanyia utafiti kwa miaka kama chakula cha mifugo, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Na kwa Wakenya, kutenganisha kinachooza na kisichooza si hiari tena: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mwenye nyumba afanye hivyo.

Kibarazani
Ahsanteni. Mwenye ghorofa bado hana jibu. Funza kwenye kibaraza majirani hawatakubali, minyoo wanataka mita 3. Abaki na nini?

MamaBustani
Bokashi. Ni uchachushaji, kama maziwa yanavyochachuka kuwa mtindi, asili yake Japani. Inapokea samaki na wali. Ndoo tatu za lita 20 zenye mifuniko ya kubana na koki chini. Ndani, juu ya koki, weka sahani ya plastiki iliyotobolewa ili maji yashuke. Kata mabaki vipande vidogo, shindilia, nyunyiza konzi ya pumba za bokashi kwa kila tabaka la sentimita 3 au 4, funika hewa isiingie. Ndoo inajaa kwa wiki moja, inakaa imefungwa wiki mbili. Ndiyo maana nasema tatu.

Pumba unatengeneza mwenyewe. Maji ya kuoshea mchele yaache kwenye chupa iliyolegezwa kifuniko siku 2 au 3 hadi yanukie uchachu. Changanya sehemu moja na maziwa mabichi sehemu kumi. Baada ya siku 3 hadi 5 maziwa yanajitenga: mtindi unaelea, chini kuna maji ya manjano. Hayo ndiyo unayoyataka. Ongeza molasi (masalia mazito ya kutengeneza sukari) kiasi kilekile. Kijiko kimoja kwa vijiko 20 vya maji, lowesha pumba za ngano hadi zishikane bila kutoa matone, fungasha bila hewa wiki mbili, kisha anika kivulini.

Fungua koki kila siku 2 au 3. Hayo maji ni makali, yachanganye sehemu moja kwa mia ndipo umwagilie, au yamwage chooni. Ukungu mweupe ni dalili njema. Mweusi au wa kijani pamoja na harufu ya uozo maana yake hewa imeingia au pumba zilikuwa chache, na ndoo hiyo haina dawa, ikafukiwe.

FundiMboji
Hapo umeacha shimo moja wazi. Baada ya wiki mbili kinachotoka si mboji bado, ganda la ndizi linaonekana kama lilivyoingia na uchachu wake unaunguza mizizi. Lazima kikutane na udongo. Ghorofani tumia kiroba cha kilo 50: sehemu moja ya bokashi, mbili za udongo, changanya, weka udongo mtupu juu, funga mdomo kilegevu. Wiki 3 au 4 kwa joto la Dar. Mwenye ghorofa lazima awe na pa kupata udongo na wa kumpa, la sivyo viroba vitajaa kibaraza kama minyoo wa PwaniMinyoo.

Kibarazani
Swali dogo: majivu ya mkaa? Na maranda ya fundi seremala, yoyote tu?

FundiMboji
Majivu konzi moja kwa wiki kwenye pipa, basi. Yakizidi, nitrojeni inapotea hewani, utasikia harufu kali inayochoma pua kama mkojo. Kwenye minyoo na bokashi usiweke kabisa. Chenga za mkaa ambazo hazijaungua ni salama, hata harufu hupunguza.

Maranda: kataa ya mbao zilizotiwa dawa, hasa zenye rangi ya kijani, na vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi. Vumbi laini la msumeno linashikana na kuziba hewa, lichanganye nusu kwa nusu na majani ya mvinje au ya mwembe yaliyokatwakatwa. Makokwa ya maembe toa, yatakaa zaidi ya mwaka. Vibandiko vya matunda na vifuko vya chai navyo toa, vingi vina plastiki, utavikuta vilevile unapochunga.

PwaniMinyoo
Na kabla ya kuitumia, iwe ya njia yoyote kati ya hizi, ijaribuni: makopo mawili, moja mboji iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu, lingine udongo mtupu. Mbegu 10 za figili kila kopo. Siku ya tano hesabu. Kopo la mboji likitoa chini ya 8 wakati la udongo limetoa zote, rudisha pipani wiki tatu nyingine.