Msitu tuliotozwa faini kwa mzigo wa kuni, leo unapewa mwekezaji ajenge hoteli. Wana Kigoma mpo?

Wakuu, mwakeye kwa Waha wenzangu, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Nina hasira, mtanivumilia. Kijiji sitakitaja, maana wahusika tunapanda nao boti moja pale Kibirizi na sitaki ndugu zangu waanze kuitwaitwa ofisini. Jueni tu ni mwambao wa kaskazini, jirani na Hifadhi ya Taifa Gombe. Mgongoni tuna milima, mbele tuna ziwa.

Juu ya kijiji kuna msitu wa hifadhi wa kijiji, na msitu huo haukujiotea. Wenye umri wanaikumbuka milima hii miaka ya 90 ilivyokuwa kipara. Mvua kubwa ikinyesha, tope linashuka na mihogo, na kuta za nyumba juu yake. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ikaanzisha mradi wa TACARE, watu wakaanza na vitalu vya miche, na miaka iliyofuata ikaja mipango ya matumizi bora ya ardhi, vijiji vikatenga misitu yao. Na sisi tukatenga. Mkutano mkuu ulikaa, watu wakabishana mpaka jioni, tukapitisha sheria ndogo na kuunda Kamati ya Maliasili.

Sheria hizo ziliuma. Kuna mama anapika mawese, alikutwa ametoka msituni na mzigo wa kuni. Kamati ikampiga faini, panga lake likabaki ofisini. Alilia mbele za watu, akalipa. Na sisi tulionyamaza siku ile tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tunayaona matokeo: miyombo imepanda, chemchemi haikauki tena mwezi wa tisa, na sokwe mtu wameanza kupita tena kutoka upande wa hifadhi.

Sasa sikilizeni.

Walikuja vijana wenye droni. Tukaambiwa ni wapimaji wa ramani, hakuna shida. Wiki hii mlinzi wa msitu amepanda akakuta bikoni za zege, zile alama za mipaka za wapimaji, ndani ya hifadhi, na miti mikubwa imepakwa rangi nyekundu. Nimepanda mwenyewe kushuhudia. Bikoni moja imechimbiwa pale pale maji yanapotokea, na namba yake imeandikwa kwa kidole zege likiwa bichi. Maji ya kunywa ya kitongoji kizima yanapita pembeni yake.

Tukamfuata mtendaji. Jibu lake: "Kijiji kimeridhia, muhtasari upo." Upo kweli, nimeupata nakala yake. Ukurasa wa kwanza unasema mkutano mkuu umekubali kwa kauli moja kutoa eneo kwa ajili ya hoteli ya kitalii. Kurasa zinazofuata ni majina na sahihi, na ni orodha ya mahudhurio ya kikao cha mradi wa maji, kile tulichogawiwa soda! Wamebandua kule wakabandika huku, kisha wakaongeza majina ya kwao. Kuna bibi ambaye maisha yake yote anaweka dole gumba, humo ndani ana sahihi yenye mkia mrefu kama meneja wa benki.

Kwa wasiojua, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, kama haizidi hekta 250 ni mkutano mkuu ndio unaoidhinisha au kukataa. Eneo lililoombwa huku kwetu ni hekta mia mbili na ushee. Ndiyo maana wamehangaika na sahihi zetu. Walijua wakituuliza kweli kweli tutasema hapana.

Haya, njooni ufukweni. Wavuvi wa mwalo wetu walishaamriwa kuondoa vibanda na vichanja vya dagaa, sababu ni mita 60. Ni sheria kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wakabomoa, dagaa wakahamia kuanikwa huko juu kwenye vumbi. Mchoro wa hoteli nimeuona kwenye simu ya kijana mmoja: vyumba vya mbao vimesimama juu ya maji kabisa, na gati linatoka hapo hadi kwenye miamba. Hizo mita 60 zinapimwa kwa futi ya nani?

Kwenye miamba hiyo ndipo yalipo mazalia ya samaki. BMU, yaani kikundi chetu cha usimamizi wa mwalo, hairuhusu mtu kutega wavu pale, hata ndoano. Mwaka 2024 ziwa zima lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tukaambiwa tuvumilie migebuka na dagaa wazaliane. Tukavumilia, tukala mihogo na maharage. Kumbe tulikuwa tunawalindia wenye gati.

Kilichonivuruga zaidi ni suala la sokwe. Msemaji wa mwekezaji anasema watapanda migomba kuzunguka hoteli ili sokwe washuke wenyewe, mgeni avute pazia amuone. Jamani! Gombe, na Mahale ile hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwetu, watafiti walitumia ndizi na miwa miaka ya 60 ili wawasogelee sokwe, wakaja kuacha kwa sababu ya madhara yake. Leo Mahale mgeni anavaa barakoa, anakaa umbali wa mita 10, kundi halizidi watu sita, muda ni saa moja basi. Utaratibu huo una sababu, mwaka 2006 ugonjwa kama mafua uliua sokwe kulekule Mahale. Huku kwetu nani atamvalisha mgeni barakoa? Mhudumu wa baa? Na sokwe akishazoea ndizi za hoteli atashuka hadi kwenye migomba yetu, na kwenye hiyo migomba kuna watoto wanacheza.

Najua wapo watakaokuja na "mnapinga maendeleo ndiyo maana Kigoma ipo nyuma". Acheni hizo. Reli ilifika hapa 1914 na bado tunaitwa mwisho wa reli, maendeleo tunayataka kuliko ninyi. Wazee wawili walijitolea kuuza mashamba yao kule chini, mbali na mazalia, nje kabisa ya msitu. Mwekezaji akakataa, eti mandhari si nzuri. Utalii wenyewe sina ugomvi nao, kuna watoto wa huku wamesomeshwa na mishahara ya Gombe. Ila mgeni wa hoteli hii atashuka uwanja wa ndege, ataingia boti ya hoteli, atarudi kwao bila kununua hata dagaa wa buku pale mjini. Hiyo ajira wanayoitangaza tumeomba iandikwe kwenye mkataba, mpaka leo kimya.

Diwani hapokei simu. Tathmini ya athari kwa mazingira tumeulizia, hakuna anayeweza kutuonyesha hata jalada lake, na hakuna mwanakijiji aliyewahi kuhojiwa.

Sasa nataka msaada, pole nitapokea baadaye. Mwenye kujua hatua za kupinga muhtasari wa kughushi, tunaanzia kwa mkuu wa wilaya, TAKUKURU, au tunakwenda moja kwa moja mahakamani kuomba zuio? Wazee wameshaandika barua ya kuitisha mkutano mkuu, mtendaji amegoma kuigonga mhuri wa kupokelewa. Mwanasheria yeyote wa ardhi aliye Kigoma mjini aje inboksi. Nina picha za bikoni zote na nakala ya muhtasari, kurasa zote, pamoja na ile sahihi ya bibi. Yeye mwenyewe yuko tayari kuja kuweka dole gumba mbele ya hakimu.