Naomba ushauri: simu za wateja sasa zinajibiwa na kompyuta, nikasome ufundi au nifungue biashara?

Wakuu, habari za jioni. Naishi Mbagala, kazi yangu ni kupokea simu za wateja kwenye kampuni moja hapa Dar. Mteja anafoka salio lake limekwenda wapi, unamtuliza, unaangalia muamala, unamwelekeza. Sasa maswali mengi ya aina hiyo yanajibiwa na programu, na tumeambiwa mikataba ya wengi wetu haitaongezwa.

Kaka yangu ananiambia nisihangaike, eti mbele ya safari serikali zitamlipa kila raia, awe na kazi asiwe nayo. Nimelifuatilia. Finland walijaribu 2017 hadi 2018: watu 2,000 wasio na ajira, euro 560 kwa mwezi, kisha likaishia hapo. Kenya, shirika la GiveDirectly linalipa vijiji vizima, na watu hawakubweteka, wengi wameanzisha biashara. Hilo limenigusa sana. Lakini zile za Kenya ni hela za wafadhili, na mfuko wetu wa serikali, TASAF, unalenga kaya maskini tu. Mimi nina mtoto darasa la pili, siwezi kusubiri.

Nikilipwa stahiki zangu nawaza kwenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kusomea friji na viyoyozi. Kwa joto hili la Dar, lazima mtu apande ngazi akavisafishe. Au nichukue fremu ya vipodozi Rangi Tatu?

Mafundi viyoyozi, hasa dada zangu: wateja wa mwanzo mliwapataje, na vifaa vya kuanzia ni shilingi ngapi?