Yule jamaa wa miwani ya VR pale Kabwe, leo kanidhalilisha, sikubali

Wakuu, wote mnaopita Kabwe hapa Mbeya mnamjua. Kiti kimoja cha plastiki, miwani ya kukufunika macho uone picha kama uko ndani yake, foleni ya watoto, sauti kama ya mnadani. Simtaji, anajijua.

Mimi ni dereva wa Fuso, mwaka wa 11 huu. Mlima Kitonga nashuka na mbao huku natafuna mhindi wa kuchoma. Leo nimekaa kwenye kile kiti, sijasogea hata inchi, kaniwekea kitreni cha kushuka milima, nikigeuza shingo picha inakuja baadaye kama mume aliyelala baa, dakika mbili nyingi nimetapika zege ya leo, ya jana na nadhani na ya Pasaka. Sawa, nimetapika. Yeye akachukua kipaza sauti: "Jamani sogeeni, huyu hajawahi kupanda gari!"

MIMI. HAJAWAHI KUPANDA GARI. Mbele ya shemeji yangu! Halafu akanidai buku mbili ya kufuta miwani.

Mwana wa Uyole: Umekula zege ukaenda kuzungushwa kichwa, ulitegemea nini 😂😂

Fundi Simu: Mkuu usijilaumu. Ndani ya sikio kuna majimaji yanayoambia ubongo kama unasogea. Macho yamesema tunashuka mlima, masikio yamesema tumekaa Kabwe, ubongo ukachanganyikiwa. Na huko kuchelewa kwa picha ndio kumekumaliza kabisa, vifaa vya maana vinatoa picha kama 90 kwa sekunde na ukigeuka haitakiwi ichelewe kuzidi milisekunde 20 hivi. Yule si anachomeka simu tu kwenye boksi, tena kioo kimepasuka.

Mleta uzi: Umeona sasa! Simu yake mbovu halafu mimi ndio HAJAWAHI KUPANDA GARI?

Kipara Mafinga: Na udereva ndio umekuponza. Wamarekani miaka ya 1950 walikuwa na simuleta ya helikopta, mashine ya kujifunzia kuruka bila kupaa, walimu waliozoea kuruka ndio walikuwa wanaugua kuliko wanafunzi. Mwili wao unajua chombo kikiinama unasikiaje, mle ndani hausikii kitu.

Dada Ilomba: Kwa hiyo utingo wake angepona 😂

Mleta uzi: Utingo nilikuwa naye. Ndiye aliyerekodi video.

Mwana wa Uyole: Itupie hapa mkuu, tupate ushahidi

Binti Rungwe: Mimi nikiendesha mwenyewe kwenda Tukuyu niko freshi, nikiwa abiria natapika toka Uyole

Fundi Simu: Ukishika usukani kona unaijua kabla haijafika, mwili unajipanga. Abiria anashtukizwa.

Binti Rungwe: Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 konda hana hata cha kukupa, anakuambia toa kichwa dirishani, na dirisha lenyewe halifunguki!!

Dada Ilomba: Bora wewe dirisha. Leo kwenye kosta nimebanwa na mama mwenye ndoo ya usipa wabichi, mchuzi wote kwenye sketi yangu, konda anacheka

Kipara Mafinga: Usipa wa Kyela? Wameshashuka bei?

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu unahusu yule jamaa

Mwana wa Uyole: Mkuu wewe hujawahi kupanda gari, mambo ya Kyela utayajulia wapi

Dada Ilomba: @Kipara bei sijauliza, nilikuwa nimeziba pua

Kipara Mafinga: Anayejua sado sh ngapi aniambie, Jumamosi nakuja huko