Tupeane uzoefu: Mwanafunzi wa usanifu wa michoro, ulitambuaje kwamba unapiga hatua?

Mwanzisha mada

Salamu kwenu wanafunzi wenzangu, pamoja nanyi mliokwisha kuhitimu na kuingia kazini. Juma lililopita nilitakiwa kukusanya kazi zangu zote za mwaka wa pili na kuziambatanisha na maelezo ya kurasa mbili kuhusu maendeleo yangu. Nilidhani ingekuwa shughuli ya jioni moja, lakini ilinichukua siku nne, kwa sababu nilipozitandaza kazi hizo sakafuni kwa kufuata tarehe nilishindwa kujibu swali lililoonekana dogo: ni nini hasa kilichobadilika? Kazi za karibuni ni nadhifu kuliko za mwanzo, ila unadhifu peke yake waweza kutokana na kuizoea programu, na mtu anaweza kuimudu programu kwa miaka mingi bila kujua kusanifu.

Jibu nililipata katika bahasha ya rasimu. Mhadhiri wetu wa tipografia, yaani sanaa ya kupanga herufi na maandishi, alitukataza tangu siku ya kwanza kutupa rasimu, na kwa muda mrefu nilimtii bila kumwelewa. Bango langu la kwanza lilikuwa na rasimu tatu, na nikizitazama leo naona kwamba ni rasimu moja iliyobadilishwa rangi mara mbili. Kijitabu cha kurasa 16 nilichokifanya muhula huu kina rasimu 31, na pembeni mwa karibu kila moja nimeandika kwa penseli sababu ya kuiacha: "kichwa kinashindana na picha", "pambizo ya ndani ni finyu, maneno yanamezwa na mkunjo", "jicho halijui lianzie wapi". Mwaka wa kwanza ningesema tu kwamba haijapendeza, na hapo ndipo fikra zangu zingekomea.

Zoezi lililonifungua macho lilikuwa la ukurasa mmoja wa maandishi matupu, bila picha wala rangi. Nilijaza karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210, kutoka ukingo hadi ukingo kwa herufi za pointi 10, na kila mstari ukawa na herufi zaidi ya mia moja. Mhadhiri hakunikosoa kwa neno hata moja. Alimpa mwenzangu ukurasa huo ausome kwa sauti, na mara mbili msomaji akarudia mstari aliokwisha kuusoma, kwa kuwa jicho lake lilipotea lilipokuwa likirudi kushoto. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa tipografia hupendekeza herufi 45 hadi 75 kwa mstari, lakini nilikuwa nimekwisha kuamini kabla ya kuisoma tarakimu hiyo, kwa sababu nilimwona mtu akihangaika mbele yangu kwa kosa langu.

Jambo jingine nilifunzwa na lugha yetu yenyewe. Mifano ya vitabuni kuhusu nafasi kati ya herufi ni michache na hutoka katika lugha nyingine, ilhali neno kama TAWALA likiandikwa kwa herufi kubwa lina mapengo karibu kila hatua: T na A, kisha A na W, kisha W na A. Nililirekebisha neno hilo kwa mkono mara nyingi mno, na sasa siwezi kupita mbele ya bango lenye W na A bila kulitazama pengo lao. Kadhalika, maneno yetu ni marefu kwa ajili ya viambishi, kwa hiyo safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili huacha mashimo meupe katikati ya mistari. Nilipoiachia programu ikate maneno, iliyakata kwa kanuni zisizo zetu na kuniachia "wan-afunzi" na "nin-gependa", wakati silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu na mahali pa kukata panajulikana na kila aliyejifunza kusoma kwa silabi. Niliikata mistari yote upya mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu zaidi katika jalada langu la kazi, ingawa hakuna atakayeiona.

Naomba tupeane uzoefu. Ni zoezi gani lililokuonyesha kwamba umesogea, na ulilijuaje?

Mchangiaji wa 1

Ahsante kwa mada hii. Mimi nimo mwaka wa tatu, na funzo langu nililipata kiwandani, si darasani. Nilisanifu bango la A3 lenye mandhari, yaani rangi ya nyuma, ya kijani-samawati iliyong'aa sana, na kwenye skrini lilikuwa kama linawaka. Lilipotoka kwenye mashine ya uchapaji lilikuwa limefifia, na nilimlaumu mchapaji kwa maneno ambayo mpaka leo najuta kuyatamka.

Mchapaji huyo, mtu mzima mwenye subira, aliniketisha akanieleza. Skrini huunda rangi kwa kuongeza mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, wakati wino wa sayani, majenta, njano na mweusi hufanya kazi kwa kuumeza mwanga unaoangukia karatasi. Zipo rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino wa kawaida hauwezi, na mimi nilikuwa nimechagua mojawapo. Kisha akanionyesha kosa la pili ambalo sikuwa nimeliona: nilinyoosha picha yenye upana wa pikseli 1200 ikajaza upana wote wa milimita 297, kwa hiyo ilibakiwa na pikseli takribani 103 kwa inchi, ilhali bango la kutazamwa kwa karibu huhitaji 300 hivi. La tatu lilikuwa ukingo mweupe upande mmoja, kwa kuwa sikurefusha mandhari milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na kisu hakikati mahali pale pale kila mara.

Tangu siku hiyo huanza kazi kwa kuuliza itachapwa kwenye karatasi gani na kwa njia gani, kabla sijachagua rangi hata moja. Awali nilikuwa nikisanifu picha ya kwenye skrini na kutumaini kwamba karatasi itaitii. Mwanzisha mada, unapima maendeleo kwa rasimu. Mimi nayapima kwa maswali ninayouliza kabla ya rasimu ya kwanza, nayo yameongezeka kutoka sifuri hadi kujaza ukurasa.

Mchangiaji wa 2

Nitaeleza kuhusu vipindi vya uhakiki, kwa kuwa ndipo nilipoumia na ndipo nilipokua.

Katika mwaka wa kwanza nilikuwa nikiitetea kazi yangu kabla mtu hajamaliza sentensi. Mhadhiri akaweka utaratibu kwamba mwenye kazi atanyamaza kwa dakika kumi, na wenzake wataeleza kwanza wanachokiona, si wanachokipenda. Zoezi lilikuwa mchoro wa takwimu: tulipewa hesabu za vitabu vilivyoazimwa maktaba katika vipindi viwili, na cha pili kilikuwa maradufu ya cha kwanza. Nilichora kitabu kimoja kidogo na kingine kilichozidi mara mbili kwa kimo na mara mbili kwa upana. Nilikaa kimya nikiwasikiliza wenzangu, mmoja baada ya mwingine, wakisema kwamba uazimaji umeongezeka mara nne. Hakuna aliyekosea kusoma. Eneo la kitabu cha pili lilikuwa mara nne kweli, na mimi ndiye niliyewadanganya bila kukusudia.

Nilikwenda kutafuta namna wengine walivyolitatua tatizo hilo, nikakutana na kazi ya mwanafalsafa na mwanasosholojia Otto Neurath na wenzake huko Vienna katika miaka ya 1920, mfumo ambao baadaye uliitwa Isotype. Kanuni yao ni kwamba wingi huonyeshwa kwa kurudia alama ya ukubwa ule ule, wala si kwa kuikuza. Alama moja ikisimama kwa vitabu mia, vitabu mia nne ni alama nne, na mtazamaji huzihesabu. Kanuni hiyo ni nyepesi kiasi kwamba niliona uchungu kwa kutoifikiria mwenyewe, lakini nisingeitafuta kama ningeruhusiwa kujitetea katika zile dakika kumi.

Sasa wenzangu wanapohakiki kazi yangu huandika maneno yao kama walivyoyatamka, bila kuyatafsiri. Mtu akisema "inaonekana nzito upande huu", siandiki "punguza picha", kwa sababu hilo ni suluhisho langu, na huenda uzito unatoka mahali pengine.

Mchangiaji wa 3

Langu ni fupi. Kwa mwaka mzima maandishi yangu yote yalikuwa ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, kwa kuwa niliamini kwamba huo ndio ustaarabu wa kisasa. Nilimwonyesha shangazi yangu ukurasa wa tovuti niliousanifu kwa ajili ya mtihani, naye akauliza maandishi yako wapi. Nilipopima nikakuta utofauti wa mng'ao kati ya maandishi na rangi ya nyuma ni 2.85 kwa 1, wakati mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, yaani wa kuziwezesha zitumiwe na kila mtu, hutaka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nilikuwa nimemfungia nje mtu ninayempenda. Siku hizi hupima kwanza, na shangazi ndiye msomaji wangu wa kwanza.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana nyote. Mchangiaji wa 2, hilo la kuandika maneno ya wenzako bila kuyatafsiri nitalianza kesho. Naomba niongeze swali kwa waliotangulia. Muhula huu naziona kasoro za kazi zangu kwa wingi kuliko wakati wowote, na kuna siku nahisi kwamba nilikuwa bora mwaka wa kwanza, kwa sababu angalau wakati ule niliridhika. Je, mliipitia hali hii?

Mchangiaji wa 4

Ndugu yangu, niliipitia, na nusura iniondoe katika masomo. Mimi nimekwisha kuhitimu na sasa ninasanifu vitabu, kwa hiyo ninaweza kuitazama hali hiyo nikiwa mbali nayo kidogo.

Katika mwaka wangu wa pili tulipewa herufi za Helvetica na za Univers, miundo miwili ya herufi ambayo yote ilitoka mwaka 1957, tukaambiwa tueleze tofauti zake kwa maneno. Siku ya kwanza sikuona tofauti yoyote, na niliamini kwamba zoezi lenyewe ni la kutupotezea muda. Niliendelea kuzinakili kwa penseli, na baada ya wiki mbili hivi mguu wa R ukajitokeza: katika Helvetica unashuka karibu wima kwa mkunjo, katika Univers unanyooka kwa mshazari. Kisha nikaiona G, kwamba moja ina kijimguu chini na nyingine haina. Baada ya hapo zilikuwa herufi mbili tofauti kabisa, na sikuweza tena kuzichanganya hata kama ningetaka.

Tabu iliyofuata ndiyo unayoisema. Jicho lilikuwa limejifunza kwa wiki mbili jambo ambalo mkono wangu ungehitaji miaka kulitenda. Nilichora herufi zangu mwenyewe, O na H, zikilingana kimo kwa kipimo kamili cha rula, na O ikaonekana fupi. Nilipima mara tatu na rula ilisisitiza kwamba niko sahihi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nisingeona chochote na ningelala kwa amani. Mhadhiri ndiye aliyenieleza kwamba umbo la mviringo hugusa mstari kwa sehemu ndogo tu ya ukingo wake, kwa hiyo jicho huliona kuwa limepungua, na wachora herufi tangu zamani huiacha O ipite kidogo juu na chini ya mistari ili ionekane sawa. Yaani rula ilikuwa sahihi na jicho pia lilikuwa sahihi, ila anayesoma husoma kwa jicho.

Usiache kuchora katika kipindi hiki, hata kama kila unachokitoa kinakuudhi. Walioacha darasani kwetu waliacha hapo hapo, na wawili kati yao walikuwa na macho makali kuliko yangu.

Mwanzisha mada

Nimesoma maelezo ya Mchangiaji wa 4 jana usiku, kisha nikaenda kuifungua tena ile bahasha. Kati ya rasimu 31 za kijitabu, rasimu ya 19 ndiyo pekee niliyoiacha bila kuandika sababu. Pembeni yake kuna alama ya kuuliza tu. Niliipenda, lakini kitu fulani mwanzoni mwa kila sura kilikuwa kikinisumbua, na nilipopima kila kitu nikakuta kimelingana, nikaiweka kando na kuchukua njia nyingine.

Kila sura ilianza na namba ndani ya duara, na duara hilo nililichora kwa kimo kile kile cha herufi kubwa za kichwa kilicholifuata. Nimelikuza kwa nusu milimita, nikachapa ukurasa mmoja kwa printa ya nyumbani na kuubandika ukutani, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Limekaa sawa. Nimeifuta ile alama ya kuuliza na kuandika sababu, na rasimu ya 19 nitaiweka mbele kabisa katika jalada nitakalolikabidhi, pamoja na huo ukurasa mpya.