Mtoto wa miaka minne hanichangamkii kabisa, naambiwa ninunue spreyi ya "homoni ya upendo". Ushauri wakuu

MzeeWaSpea

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisome mpaka mwisho, najua uzi mrefu ila sina pengine pa kuuliza bila kuchekwa.

Nina mtoto wa kiume, katimiza miaka minne mwezi uliopita. Tunaishi Chamazi, Dar, mi nashinda Gerezani, kule Kariakoo, nauza spea za pikipiki, natoka alfajiri narudi saa mbili usiku, foleni ya Mbagala ikikaa vibaya saa tatu. Watoto wa majirani baba zao wakirudi wanakimbilia mfuko. Wangu hata kichwa hageuzi. Anakaa pale chini karibu na kochi anapanga vizibo vya soda, vyekundu peke yake, vya njano peke yake, vya kijani peke yake, mstari umenyooka kuliko wa fundi ujenzi, na ukisogeza kimoja tu ni kilio mpaka majirani wanakuja kugonga. Maneno anayo machache, "maji", "hapana", alafu anaimba matangazo ya redio yote mpaka namba ya simu ya mwenye duka lakini "baba nipe" hasemi, akitaka kitu ananishika mkono ananivuta mpaka kwenye jagi. Daladala ikipiga honi anaziba masikio anatetemeka, blenda ikiwashwa anaingia nyuma ya pazia hatoki. Chekechea alikaa wiki mbili wakatuambia tumtafutie pengine.

Sasa kilichonileta. Wife yupo kwenye grupu la WhatsApp la kina mama, humo kuna dada anauza spreyi ya pua, anasema ni oksitosini, homoni ya upendo, kachupa kadogo laki moja na themanini. Eti watoto wenye usonji (autism) wanakosa hiyo homoni, ukimpulizia wiki mbili anaanza kukuangalia machoni. Na huyohuyo kamwambia mke wangu kwamba chanzo ni dripu ya uchungu aliyowekewa siku ya kujifungua (alipitiliza tarehe wiki moja na ushee wakamuanzishia), kwamba dripu ni homoni hiyohiyo ya kutengenezwa, ikaua ya asili ya mtoto. Toka aambiwe hivo halali, usiku namkuta amekaa kitandani anamwangalia mtoto. Upande wa pili mama yangu mzazi anasema mtoto aliachiwa dada wa kazi akiwa na miezi mitatu ndo maana hana mapenzi na wazazi.

Hiyo spreyi ni ya kweli? Dripu ndo imetuharibia mtoto? Na mi mwenyewe nifanyeje, maana nisiwafiche, siku nyingine nafunga duka nabaki tu napiga stori na mafundi ili nikifika nimkute kalala.

Kipanga wa Buza

Laki na themanini ya kunusa upendo? Mzee nipe mimi hiyo hela nije nikukumbatie kila jioni mwezi mzima.

Utani pembeni, pole sana kaka. Ngoja waje wanaojua.

Mchonga Vinyago

Mi nitasema ukweli hata kama unauma, mama yako yuko sahihi. Mwanamke akikimbilia kazini mtoto ana miezi mitatu unategemea nini, mtoto anakosa joto la mama anakuwa kama jiwe. Mkeo aache kazi.

Bi Mkubwa Temeke

Wewe Mchonga Vinyago hayo maneno wenzako Wazungu walishayasema kabla hujazaliwa. Miaka ya 40 mpaka 60 kule Marekani madaktari walikuwa wanawaambia kina mama wa watoto wenye usonji kwamba ni wabaridi kama jokofu ndo maana watoto wakajifungia. Bettelheim, profesa wa Chicago, alivuma sana kwa hilo. Mpaka 1964 akatokea Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanae mwenyewe alikuwa na usonji, akalipinga kwa maandishi na likafa, ila naona huku kwetu bado linatembea. Waliumizwa wanawake wengi pale, usimuongeze na huyu.

Mzee wa Spea, mwanangu, nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka nimestaafu, ngoja nikuambie hiyo ya dripu. Ni oksitosini kweli, hapo muuzaji hajadanganya, ndo inayobana mfuko wa uzazi mtoto atoke, na mtoto akishatoka tunamchoma mama yuniti 10 kwenye paja asimwage damu. Uvumi wa usonji una asili yake. 2013 ilitoka taarifa ya North Carolina kule Marekani, walikagua vizazi zaidi ya laki sita wakaona watoto wa mama waliosaidiwa uchungu walipatikana na usonji zaidi kidogo kuliko wengine, na hiyo ndo inayozunguka kwenye magrupu. Lakini jiulize anayeanzishiwa uchungu ni nani? Ni mwenye presha, mwenye sukari, aliyepitiliza kama mkeo, yaani ana jambo lake tayari kabla hata dripu haijatundikwa. 2016 Waswidi wakachukua vizazi zaidi ya milioni 1.3 wakafanya kitu cha akili, wakalinganisha ndugu wa tumbo moja, huyu mama alianzishiwa, huyu hakuanzishiwa. Tofauti ikayeyuka. Msomee mkeo hapa kwa sauti. Mama mmoja, nyumba moja, damu moja, mwenye dripu na asiye na dripu sawasawa.

Na angekataa kuanzishiwa na huku kapitiliza, mwanangu, mi nimeshayaona yanayotokea, sitaki hata kuyaandika.

MzeeWaSpea

Mama asante sana, Mungu akuweke. Namsomea usiku huu huu.

Dawa Sio Pipi

Mkuu mi nipo famasia, nikae kwenye spreyi tu.

Nusu ya maneno ya huyo dada ni kweli ndo maana yanaingia. Oksitosini inatengenezwa kwenye ubongo na inahusika na mama na mtoto kuzoeana, maziwa kushuka, hofu kutulia. Kwa hiyo watu wakawaza kama ndo hivo tumpulizie mtoto mwenye usonji puani. Majaribio madogo ya mwanzo yalileta matumaini, wakafanya kubwa Marekani, watoto na vijana 290 wa miaka 3 mpaka 17, nusu wanapuliza oksitosini nusu wanapuliza spreyi isiyo na dawa na hakuna anayejua kapewa ipi, wiki 24. Majibu yalitoka 2021 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Hamna tofauti kati ya makundi. Hamna. Ila sikiliza hapa, makundi YOTE mawili yalionekana kuchangamka kidogo, hata wale waliopuliza spreyi tupu. Mtoto anakua, mzazi ana matumaini anaangalia kwa jicho jipya. Ndo maana huyo dada ana voisi noti za kina mama wanalia kwa furaha, na wala hawadanganyi wale, ila hela yao imeenda bure.

Na hiyo kwamba "wanakosa homoni", chuo cha Stanford kule Marekani walipima damu 2014, watoto wenye usonji, ndugu zao, na wasio na usonji, wakakuta wenye nyingi na wenye kidogo wapo kila upande. Kwa vipimo hivyo hamna pengo la kuziba.

Muulize anatunza wapi. Oksitosini ya hospitali inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, yeye najua inakuja na bodaboda kwenye jua la saa saba. Sijui kilichomo kwenye hicho kichupa na wewe hujui na yeye hajui, alafu unampulizia mtoto wa miaka minne puani.

Mchonga Vinyago

Sawa nimeelewa, nimetoa kauli vibaya kuhusu mama. Ila TV ipunguzwe.

Baba Naima

Kaka umeandika maisha yangu ya miaka mitano iliyopita. Binti yangu ana miaka tisa sasa ivi, ana usonji. Yeye ilikuwa vifuniko vya sufuria.

Kwanza mpime masikio. Najua unasema anasikia honi, kampime tu, mtoto asiyeongea ndo kitu cha kwanza wanachouliza na bila hicho utazungushwa. Alafu omba rufaa Muhimbili akaonwe na wanaohusika na watoto, sisi humu hatuwezi kukuambia kama ni usonji au kitu kingine. Ikitokea ni usonji, kuna shule ya msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wetu, kaulize mapema usisubiri Januari.

Pili hiyo ya kuziba masikio sio deko na sio pepo. Watoto wengi wa hivi wana tatizo la hofu pia, linakuja pamoja na usonji. Mwambie mama awe anamwonyesha blenda kabla ya kuwasha, "blenda, kelele, moja mbili tatu", na mnunulie yale makava ya masikio wanayovaa mafundi wa grenda, wewe upo Gerezani unatembea dakika tano unayapata. Sisi ndo yaliturudisha kwenye daladala.

Tatu hii ya kwako wewe baba. Kuna watafiti wa Israeli, Ruth Feldman na wenzake, 2010 walipima oksitosini ya wazazi kabla na baada ya kukaa na vichanga vyao. Kwa mama ilipanda kwa wale wanaobembeleza na kupapasa. Kwa baba ilipanda kwa wale wanaocheza, wanaorusha, wanaosumbuasumbua mtoto. Yaani homoni unayotaka kununua unayo mwenyewe mwilini na kwako inaamka kwa mchezo. Sikuambii itamponya, hamna cha kuponya hapo. Nakuambia acha kusubiri akukimbilie mlangoni. Kaa chini. Cheza mchezo WAKE, usimfundishe wako, usimwambie hii rangi gani, usimnyooshee kidole. Mi nilipanga vifuniko miezi miwili kama chizi mke wangu ananiangalia tu.

Na mchana piga simu nyumbani aisikie sauti yako hata kama hajibu. Wisconsin kule Marekani walichukua wasichana 61 wa miaka 7 mpaka 12 wakawapa hotuba na hesabu mbele ya watu mpaka wakahaha, waliopigiwa simu na mama zao tu oksitosini ilipanda karibu sawa na waliokumbatiwa. Sauti tu. Hao hawakuwa na usonji, nisikudanganye, lakini simu ni ya dakika moja itakupunguzia nini?

Kipanga wa Buza

Baba Naima umeniliza kwenye mwendokasi watu wananiangalia.

MzeeWaSpea

Wakuu narudi kutoa mrejesho, zimepita kama wiki tatu.

Masikio yamepimwa yako sawa. Rufaa tumepata, tarehe ni mwezi ujao. Makava ya masikio nimenunua, siku ya kwanza aliyatupa, siku ya pili akamvalisha paka, sasa hivi anayavaa mwenyewe akimuona mama yake kashika maembe.

Nimeanza kufunga duka saa kumi na moja. Muuza soda wa pale jirani ananiwekea vizibo kwenye mfuko. Siku ya kwanza nilikaa sakafuni nikapanga mstari wangu pembeni ya wake, hakunitazama. Siku ya nne nikakosea kwa makusudi, nikaweka cha kijani kwenye vyekundu vyake. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kilio. Akakiangalia, akakitoa, akanishika mkono, akanifungua kiganja, akakiweka humo, akakunja vidole vyangu kimoja kimoja. Alafu akaendelea kupanga. Machoni hajaniangalia bado. Juzi nimeingia akasema "tano" akinionyesha mfuko, sijui alimaanisha nini, tukahesabu vilikuwa thelathini na nane.

Mama yake analala. Ile ya Waswidi kaniambia nimsomee mara tatu.

Yule dada wa spreyi kapiga jana, kashusha mpaka laki na ishirini. Nikamuuliza inakaa kwenye friji? Akasema hapana inakaa popote hata kwenye pochi. Nikamwambia basi dada ibaki hapohapo kwenye pochi.