Mrejesho: Mdogo wangu aliyeumia shingo na joto la mchana

Wadau, Januari niliuliza hapa kwa nini mdogo wangu, aliyevunjika shingo kwenye ajali ya bodaboda, huwaka mwili kila jua likiwa kali, ilhali vipimo vya malaria na mkojo havikuonyesha kitu. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Dada muuguzi, ulisema kweli, na daktari amethibitisha: uti wa mgongo ukiumia shingoni, ubongo hauwezi tena kuiamuru ngozi ya chini ya jeraha itoe jasho. Joto linaingia, halina pa kutokea.

Kilichosaidia zaidi ni chupa ya kunyunyizia, ile ya saluni. Tunamlowesha mikono, kifua na mapaja, kisha tunawasha feni. Maji yanafanya kazi ya jasho. Kipimajoto kilikuwa kinasoma 38.4 saa nane mchana. Sasa mara nyingi hakivuki 37.5. (Aliyeko Mombasa asitarajie makubwa. Hewa ya kule ina unyevu, maji hayakauki upesi.)

Barafu kwenye ngozi tuliikataa: hahisi, ingemuunguza bila yeye kujua. Kunywa maji zaidi kumesaidia nusu tu, maana kibofu kinajaa haraka na ratiba ya katheta (mpira wa kutolea mkojo) imebidi ibadilike.

Matatu ndiyo imetushinda. Kwenye foleni ya Thika Road mchana, chupa na leso mbichi hazitoshi, bado anapata kizunguzungu. Kliniki tumeihamishia asubuhi. Umeme ukipotea, tunamtoa nje kivulini, kwa sababu chini ya mabati hakukaliki.