Ushauri: nataka kununua Mazda Roadster ya mwaka 1991 yenye paa la turubai, nikague nini kabla ya kulipa?

Mwalimu_Kimara
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kimara, Dar es Salaam, na sijawahi kumiliki gari. Nimeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka minne, na sasa nimeonyeshwa gari ambalo tangu siku hiyo halijanitoka akilini. Ni Mazda ya viti viwili, ile ambayo nchi nyingi huiita MX-5 na Wajapani waliiuza kwa jina la Eunos Roadster: ya mwaka 1991, injini ya lita 1.6, gia za mkono, taa za mbele zinazoinuka na kulala, na paa la turubai linalokunjwa kwa mkono. Mwenye gari anahama nchi, na bei anayoitaka ni kama ya Toyota IST iliyotunzwa vizuri.

Nimeliendesha mara moja, likawaka bila shida na gia zote zikaingia. Fundi niliyekwenda naye alifungua boneti, akasikiliza injini kwa dakika kumi, akasema injini ni nzima na ninunue. Bado moyo wangu haujatulia, kwa sababu kioo cha nyuma, ambacho ni cha plastiki, kimekuwa cha njano, na ndani mna harufu ya unyevu. Mwenye gari anasema harufu hiyo ni ya gari kukaa muda mrefu bila kutumika. Nyumbani sina banda, hivyo nitakuwa nikiliegesha chini ya mwembe. Naomba kuelezwa na wenye uzoefu ni mambo gani ninayopaswa kuyakagua, na kama gari la namna hii linaweza kutumika kila siku na mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza.

Mhasibu_Mtulivu
Dada, hongera kwa kuweka akiba. Nakushauri kwa nia njema uanze na hiyo IST. Spea zake unazipata Kariakoo saa yoyote, kila fundi analijua, na ukitaka kuliuza linauzika. Gari la zaidi ya miaka 30 ni la mtu mwenye gari jingine la kwendea kazini. Kama bado unalitaka hilo, tenga angalau robo ya bei yake kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na fedha hiyo iwepo mkononi kabla hujanunua.

Mzee_wa_Gerezani
Mwanangu Mwalimu, fundi wako hakukosea kuhusu injini, ila alianzia mahali ambapo gari hili halina tatizo kubwa. Nimetengeneza magari kwa zaidi ya miaka thelathini, na Roadster zilizopita mikononi mwangu zote zilikuwa na injini inayotengenezeka, kwa sababu ni ya ukoo mmoja na injini za Mazda Familia, ambazo mafundi wengi tunazifahamu. Kinachoyamaliza magari haya ni maji ya mvua, na maji hayo hupita mahali ambapo mnunuzi haangalii.

Nikueleze yanavyosafiri. Mvua ikinyesha juu ya turubai, maji hutelemka hadi ukingo wa nyuma, huingia kwenye mfereji uliojificha nyuma ya viti, kisha huelekea pembeni kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na mikanda ya usalama. Kutoka hapo hushuka kwa mipira hadi chini ya gari na kudondoka mbele ya tairi la nyuma. Majani na vumbi vikiziba matundu hayo, maji hukosa njia, hufurika kuelekea kwenye kapeti na ndani ya kizingiti cha bati kilicho chini ya mlango, na hapo hukaa kwa wiki nzima. Kutu ya namna hiyo huanzia ndani, hivyo siku utakapoona rangi imevimba kwa nje, bati limekwisha kuliwa.

Nenda na chupa ya maji ya lita moja. Inua ukingo wa turubai nyuma ya viti, tafuta tundu la kulia, mimina polepole, na mtu mwingine achungulie chini mbele ya tairi. Maji yanapaswa kutoka mara moja, tena kwa wingi uleule unaoumimina. Fanya hivyo upande wa kushoto pia. Baada ya hapo piga magoti pembeni mwa gari, gonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma: bati zima hulia kwa sauti kali, lililojazwa puti, yaani rojo la kuzibia matundu ya bati, hulia bubu. Chukua pia sumaku ndogo, kwa kuwa haitashika penye puti nene. Sehemu ya kuitilia shaka zaidi ni pale kizingiti kinapokutana na tairi la nyuma.

Bahari_Nyali
Mwalimu, mimi niko Mombasa na gari hilo hilo ninalo, la 1993. Huku Kenya hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo tunanunuliana yale yaliyokwisha kuwa nchini, na mengi yamepita kwa wenyewe wengi. Harufu uliyoisikia usiipuuze. Langu nilipolikagua, kapeti ilikuwa safi na kavu kabisa, nami nikaridhika. Mwezi mmoja baadaye, baada ya mvua ya usiku mmoja, niliweka mguu chini upande wa abiria nikasikia maji. Nilipoing'oa kapeti nikakuta sponji nene chini yake iliyolowa kama godoro lililoanguka baharini, na bati lililokuwa chini ya sponji lilibomoka kwa kidole. Aliyeniuzia alikuwa ameifua kapeti na kuianika juani siku chache kabla ya mimi kuja, nalo sponji hakuligusa.

Kwa hiyo usitazame kapeti kwa juu. Omba ruhusa, inua kona ya kapeti nyuma ya kiti cha abiria, ingiza mkono hadi kwenye sponji na ulikamue. Mwenye gari akikataa usiinue kapeti, basi jibu umeshalipata.

Mwalimu_Kimara
Shikamoo Mzee wangu, na asante sana ndugu wa Nyali. Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu matundu hayo. Nina maswali mawili zaidi. Kwanza, hata kama injini si tatizo kubwa, kuna kitu ninachopaswa kukijua kuhusu hii ya 1991? Pili, turubai na kioo chake vikiharibika, vinapatikana?

Mzee_wa_Gerezani
Marahaba mwanangu. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini, ulibadilishwa lini, na usikubali jibu la mdomo bila risiti. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari la umri huu, kama hakuna ushahidi, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ubadilishe pamoja na pampu ya maji, kwa maana kazi ya kufikia hapo ni moja. Faraja ni kwamba kwenye injini hii ya 1.6 mkanda ukikatika gari huzimika tu, valvu hazigongani na pistoni.

La pili linahusu mwaka. Injini za mwanzo kabisa, hadi kufikia katikati ya 1991, zilikuwa na kranki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) yenye pua fupi, na sehemu ya kabari inayoshika kapi la mbele, yaani gurudumu linalozungusha mikanda, huweza kulika. Mwambie fundi aiwashe injini, asimame mbele, alitazame kapi la chini linavyozunguka. Likizunguka limetulia, endelea. Likiyumba, hata kidogo, acha gari hilo au mpunguziane kiasi cha bei ya injini nzima.

Usisahau betri. Iko ndani ya buti, upande wa kulia, na ile ya kiwandani ni ya aina iliyofungwa kabisa, yenye mipira midogo ya kutolea hewa nje. Watu wetu huweka betri ya kawaida ya maji ili kuokoa fedha, nao mvuke wa asidi hula bati la buti. Iondoe betri uangalie chini yake.

Leicester_Mswahili
Salamu kutoka Uingereza. Nimetumia MX-5 kila siku kwa miaka sita, kwenda kazini na kurudi, kwa hiyo swali la kama inafaa kwa matumizi ya kila siku nalijibu bila kusita: inafaa, mradi mwenyewe awe mtu wa kuangalia mambo madogo kila wiki.

Kuhusu upatikanaji, una bahati ya kuchagua gari lililopendwa sana. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na mwaka 2016 likatimiza idadi ya magari milioni moja yaliyotengenezwa, kwa hiyo spea zake huundwa na watu wengi. Mwaka 2017 Mazda yenyewe ilitangaza huko Japani mpango wa kukarabati Roadster za kizazi cha kwanza na kutengeneza upya baadhi ya vifaa vyake, turubai la paa likiwemo. Hutalikuta Kariakoo, utaliagiza na kusubiri, na utahitaji fundi mvumilivu wa kulifunga. Baadhi ya wenye magari hununua turubai lenye kioo halisi badala ya plastiki, jambo ambalo Mazda walilifanya wenyewe kwenye kizazi cha pili kuanzia 1998.

Kioo cha plastiki kina adabu yake. Kabla hujalishusha paa, fungua zipu ya kioo na ukilaze taratibu, kwa sababu ukikikunja pamoja na turubai kitapata mkunjo mweupe na hatimaye kupasuka hapo hapo. Usikifute kikiwa na vumbi kavu. Kimwagie maji kwanza, kisha tumia kitambaa laini. Turubai nalo usilikunje likiwa limelowa.

Kuna watakaokushawishi uagize jingine kutoka huku kwa sababu bei ni ndogo. Usifanye hivyo. Barabara zetu humwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na chumvi hiyo imeyala magari haya kwa chini kwa namna ambayo picha za tangazo hazionyeshi.

Mhasibu_Mtulivu
Naongezea hapo kwa kuwa ni eneo langu. Gari dogo lililozidi miaka kumi likiingizwa Tanzania hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Hilo ulilopewa limeshalipiwa, na ndiyo maana bei yake ina mantiki. Hakikisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari ni ile ile iliyogongwa kwenye gari. Kuhusu bima, ukitaka bima kubwa, waulize kwanza watalithamini kwa kiasi gani, maana gari la zamani linaweza kuthaminiwa chini sana kuliko ulivyolinunua.

Bahari_Nyali
Mwembe wako nao unanitia wasiwasi. Maua na majani yake madogo ndiyo yanayoingia kwenye ule mfereji na kugeuka tope. Nunua kifuniko cha gari, na kila Jumamosi pitisha uzi wa nailoni, ule mnene wa mashine ya kukatia majani, ndani ya matundu. Usitumie waya mgumu, utautoboa mpira au kuuchomoa mahali pake, na maji yataishia ndani ya bodi. Na kwa kuwa unatokea Kimara kwenda mjini, maji yakijaa pale bonde la Jangwani wakati wa masika, usijaribu kupita kwa kuwafuata wenye Prado. Gari hili liko chini sana.

Mwalimu_Kimara
Ndugu zangu, leo nimekwenda na chupa ya maji, sumaku na bisibisi, pamoja na fundi mwingine. Kapi la mbele limetulia kabisa. Chini ya betri pana kutu ya juu juu tu. Upande wa kushoto maji yalitoka mbele ya tairi mara moja, yakiwa safi. Upande wa kulia nilimimina karibu nusu chupa na halikudondoka hata tone. Maji yalisimama, kisha tukayaona yakitokeza nyuma ya kiti cha dereva. Sponji upande huo limelowa, na nilipolikamua maji yalitoka ya rangi ya chai. Kizingiti cha kulia kimelia kwa sauti kali hadi karibu na tairi, na sehemu ya mwisho, kama upana wa kiganja, imelia bubu, ingawa sumaku imeshika. Mwenye gari hakukasirika. Alishangaa kwa dhati, na yuko tayari kuzungumza kuhusu bei. Mzee wangu, nifanye nini?

Mzee_wa_Gerezani
Usilipe bado, na pia usilikimbie. Sumaku imeshika, kwa hiyo bati bado lipo, na sauti ya bubu yaweza kuwa tope lililolowa lililojaa ndani. Mwombe mwenye gari mkubaliane kiti cha kulia na kapeti vitolewe, tundu lizibuliwe kwa uzi wa nailoni, na kizingiti kioshwe kwa maji ya mpira kupitia juu hadi yatoke safi. Likae juani siku mbili, paa likiwa wazi. Kisha gonga tena. Likilia kali, omba apunguze kiasi cha bei ya turubai jipya na mkanda wa taimingi, umalizane naye. Likibaki bubu, choma kwa ncha ya bisibisi pale pale mbele ya tairi, mwenyewe akiwepo anaona. Ncha ikipenya, bei mnayozungumza ni ya gari linalohitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya, na kazi hiyo ifanyike kabla hujaandikishana.